Bisibisi Sikioni

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi injini, mwanamke asiyeweza kudanganya hata mteja. Kaka yake alifia kwenye mashindano ya magari, ndani ya kigari chao chepesi.

"Injini hiyo imeua, mwanangu. Kaiuze chuma chakavu," baba yake mdogo alimwambia.

"Iliyoua ni kona, baba. Injini naisuka upya, na itafika mizunguko elfu kumi na moja kwa dakika!"

Akaisuka miezi saba. Mchana wa kuiwasha, kabla hajaunga betri wala kutia mafuta, umeme ulikatika. Gereji haina dirisha, giza totoro. Akasikia mvumo. Akapapasa bisibisi, akagusisha ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama mafundi wasikilizavyo beringi.

Ndani, injini ilinguruma. Gia ya pili. Ya tatu. Kisha ukelele mrefu, kwa sababu kaka yake alizoea kuchelewa kuingiza ya nne, na kila siku walikuwa wakigombana juu ya hilo.

Hakukimbia. "Sikuogopi, kaka. Kama ni wewe, kanyaga!"

Mlio ukapanda, ukapanda, ukakatika.

Umeme uliporudi, aliweka kiganja juu ya injini hiyo ambayo haijawashwa hata mara moja tangu isukwe. Lengelenge la kiganjani mwake nimeliona kwa macho yangu.