Nguo Zisizoanuliwa

"Mchwa, usipande. Askari wako dakika tano nyuma yako."

Amri ya mkuu wake ilimwingia sikioni kupitia redio ndogo kama punje ya mahindi.

Mchwa akapanda.

Alikuwa jasusi wa kitengo cha dawa za kulevya, ila siku hiyo alivaa ovaroli ya msoma mita, daftari kwapani, bastola kiunoni. Ghorofa ya tatu, nyuma ya mlango wa chuma, alikuwamo mama dobi. Ndiye aliyempigia simu asubuhi. Alisema nguo zilizoanikwa kwenye dirisha la wapangaji wa chumba hicho ni zilezile, wiki ya tatu sasa. Mvua imezinyeshea, hakuna aliyezianua. Vioo wameviziba kwa karatasi, harufu yao inawasha macho, na wageni wanaingia na kutoka mchana kutwa, hakuna anayekaa hata kunywa maji.

Sasa wapangaji hao walikuwa wamemwita awafulie.

Watu wasioanua nguo zao, dobi wa nini?

Mchwa alibandika mlangoni kidude cha kusikilizia, kidogo kama kifungo cha shati.

"Mama, asubuhi ulisimama uani unatazama dirisha letu, simu sikioni," sauti ya kiume ilisema taratibu. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na muuza sabuni, baba."

"Lete simu. Tumpigie, na sisi tununue."

Namba aliyopiga mama asubuhi ilikuwa ya Mchwa. Njia ya mwongo ni fupi, na mama wa watu alikuwa amebakiza hatua moja.

Akashuka ngazi kwa ncha za vidole, sauti yake isije ikasikika mlangoni. Simu ilimtetemekea mfukoni alipofika ghorofa ya kwanza.

Akavuta pumzi.

"We mama dobi, vipi? Sabuni yako imenigandia hapa tangu asubuhi. Usipokuja nawauzia wenzio. Na leo sitaki ule wimbo wako wa kesho, kesho."

Kicheko kikalipuka upande wa pili wa simu. Yule bwana alimwambia mama dobi kwamba muuza sabuni wake ana mdomo kama wembe. Simu ikakatwa.

Askari walimpita Mchwa ngazini, bunduki mbele. Mlango wa chuma uling'oka kicheko hakijaisha. Chini ya vitanda, mifuko ya unga wa kulevya. Wanaume watatu, pua sakafuni. Hakuna risasi iliyolia.

Mama dobi alikutwa amekaa ndani ya beseni, meno yanagongana. Alimvuta Mchwa pembeni. Hawa wana ndugu zao huko nje, alinong'ona. Watakapouliza nani kasema, watasomewa jina gani?

Mchwa alimfungulia daftari.

"Penye jina la mtoa habari nimeandika harufu, mama. Harufu haina jina wala mlango wa kugongewa."

Mama dobi alisoma neno hilo mara mbili, kwa kidole. Ndipo akalia.

Mchwa akavaa kofia, akashuka. Barabarani alitembea polepole, mikono mfukoni, kama msoma mita aliyemaliza zamu.