Nyuzi Katika Kisanduku cha Sungura

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Oktavia alichukua mundu na kikapu akaenda kukata nyasi kando ya shamba la viazi. Mwezi wa tano baridi ya Njombe huanza kuonyesha meno. Ukungu hushuka hadi mlangoni na umande hutia vidole ganzi. Wenzake walikuwa bado wamejikunyata ndani ya blanketi, lakini Oktavia hakulalamika hata kidogo. Nyasi zile zilikuwa za Sukari.

Sukari alikuwa sungura mweupe wa kaka yake, Vitus, aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Likizo ya Pasaka ilipokwisha, Vitus alirudi shule ya bweni kule Makambako. Asubuhi ya kuondoka alikwenda bandani akiwa na begi mgongoni.

"Nimempandisha kwa dume la rafiki yangu Ambrose," alimwambia dada yake. "Atazaa nikiwa shuleni. Nitunzie, Oktavia. Nikirudi nikute watoto wote wazima."

"Utawakuta. Akikosekana hata mmoja, niite mwongo."

Vitus alicheka, akamvuta sikio, akaenda zake stendi.

Nyuma ya nyumba yao, karibu na banda la sungura, palikuwa na mashine ya kukaushia nguo. Baba yao, dereva wa lori la mbao, aliinunua Makambako ikiwa imetumika, kwa sababu msimu wa mvua na ukungu sare za shule zilikuwa hazikauki. Mama Vitus aliipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Aliingiza humo masweta ya mitumba na yale mablanketi mazito ya manyoya, na baada ya muda mfupi yalitoka makavu na ya moto. Bomba la mashine lilipuliza hewa uani. Pamoja na hewa zilitoka nyuzinyuzi nyepesi za rangi ya kijivu, zikatua kwenye ukuta, kwenye majani na kwenye mtaro wa maji.

Jirani yao, Mama Scola, alikuja siku moja kulalamika.

"Kamwene, Mama Vitus."

"Kamwene, jirani. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kwa ajili ya hiyo mashine yako. Inanimwagia manyoya kwenye mboga zangu za chainizi. Jana nimeyatoa ndani ya sufuria!"

Mama Vitus alicheka. "Hiyo ni pamba tu ya nguo, Mama Scola. Mvua ikinyesha itaondoka."

Mama Scola alitikisa kichwa, akarudi kwake. Oktavia alikuwa mlangoni akimenya viazi, na aliyasikia yote. Kumbe ni pamba tu, aliwaza.

Wiki ile ile, Sukari alianza kujinyonyoa. Alikuwa aking'ata manyoya ya kifuani kwake na kuyapanga kwenye kisanduku cha kuzalia. Kufikia jioni ngozi yake ya waridi ilikuwa nje, katika baridi ile. Oktavia alimtazama, moyo ukamuuma. Aliona mnyama wa watu anajitesa bure, na pale nje pamejaa vitu laini visivyo na mwenyewe. Alifungua chujio la mashine, akatoa bunda nono la nyuzi, akakusanya na zile za chini ya bomba. Alizipanga kisandukuni mpaka pakawa pahali pa kutamanika kulala.

"Sasa pumzika," alimwambia Sukari. "Huna haja ya kujinyonyoa tena."

Alitabasamu njia nzima kurudi ndani. Hakuna aliyempongeza, lakini yeye mwenyewe alijipongeza.

Watoto walizaliwa asubuhi yake. Walikuwa sita, uchi, wamefumba macho, kila mmoja mdogo kama kidole gumba. Oktavia aliwafunika vizuri kwa zile nyuzi, akaenda shule, na siku nzima hakutulia kwenye dawati. Siku iliyofuata aliongeza nyuzi nyingine, maana baridi ilizidi.

Siku ya tatu aliporudi kutoka shuleni, alikuta Sukari amesimama mbali na kisanduku, akipiga mguu chini. Ndani palikuwa kimya. Oktavia aliingiza mkono. Nyuzi zilikuwa zimelowa mkojo na kushikamana, za baridi kama matope. Alivuta mtoto mmoja, wa pili akafuata, kwa sababu miguu yao ilikuwa imefungwa pamoja na uzi mwembamba usioonekana vizuri kwa macho. Wote wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu uzi ulikuwa umemzunguka shingoni.

"Mama!" alipiga yowe. "Mama, njoo! Watoto wa Vitus!"

Mama Vitus alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni. Alipoona, alikaa chini palepale kwenye majani mabichi. Kisha alimpigia simu Daktari Nikodemo, mganga wa mifugo wa kata yao.

Daktari alikuja kwa pikipiki. Oktavia alimwamkia kwa sauti iliyokauka. Daktari alitoa mkasi mdogo na miwani, akawapima watoto mmoja mmoja. Watano hawakuwa hai. Wa sita alikuwa na uzi mguuni, na mguu umevimba na kuwa wa bluu. Daktari alikata uzi taratibu, akampa Oktavia amshike ndani ya viganja apate joto.

"Nani aliweka vitu hivi humu?" aliuliza.

"Ni mimi, daktari," Oktavia alijibu huku machozi yakimdondoka. "Nilimhurumia mama yao. Na ni pamba tu."

Mama Vitus aliinamisha kichwa. "Hayo maneno ni yangu," alisema. "Aliyasikia kwangu."

Daktari Nikodemo hakumgombeza mtu. Alichomoa uzi kwenye upindo wa kitambaa chake cha pamba, akauwasha kwa kiberiti. Uliungua, ukawa jivu lililopeperuka. Kisha akawasha kipande cha nyuzi za mashine. Kilijikunja, kikayeyuka, kikawa tone jeusi, gumu, linalonuka kama mfuko wa nailoni uliotupwa motoni.

"Mnaona? Mablanketi haya na masweta mengi ya siku hizi yametengenezwa kwa plastiki," alisema. "Nguo ikifuliwa na kukaushwa, inapukutika. Manyoya ya Sukari ni mafupi, yanapumua, hayamfungi mtoto. Uzi huu haukatiki. Kadiri mtoto anavyofurukuta ndivyo unavyokaza."

"Na ule uliokuwa mtaroni?" Mama Vitus aliuliza polepole. "Mvua imeshauondoa."

"Haikuuondoa, mama. Imeuhamisha. Umekwenda kijitoni, kwa samaki na kwa watu wanaochota maji. Plastiki haiozi."

Jioni ile Oktavia alizika watoto watano chini ya mparachichi. Aliwalaza juu ya nyasi kavu, akalia hadi kichwa kikamuuma. Mama yake alikwenda kwa Mama Scola. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimemwomba radhi," alisema. "Aliniambia, nikamcheka."

Kwa siku zilizofuata, mama na binti waliokota nyuzi uani na kuzitoa mtaroni, wakazifunga ndani ya mfuko kwa ajili ya gari la taka. Baba aliporudi safari alifunga waya wa kuanikia nguo chini ya paa la uani, na mashine ikazimwa. Sare zilichelewa kukauka. Asubuhi nyingine Oktavia alivaa sweta lenye unyevu mabegani, akachukua mundu na kikapu chake.

Vitus alifika likizo ikiwa imeanza, ametokea Makambako na vumbi la safari. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja bandani, na Oktavia alikuwa anamsubiri pale.

"Amebaki mmoja," Oktavia alisema kabla hajaulizwa. Alimweleza yote, hakuacha kitu. "Niite mwongo, kaka. Nilikuahidi."

Vitus alifungua kisanduku. Mtoto mmoja mweupe, mwenye kovu mguuni, alikuwa amelala juu ya nyasi kavu na manyoya ya mama yake. Kifua cha Sukari kilikuwa kimeanza kuota manyoya mapya. Vitus aligeuza uso, mabega yakamtetemeka.

Mama aliyekuwa amesimama nyuma yao akawashika wote wawili.

"Dada yako si mwongo, Vitus. Alipenda bila kujua, na mimi nilisema nisilolijua. Jifunzeni kwangu, wanangu. Kitu kikitoka nyumbani kwako kikaingia kwa jirani au kwenye maji, usiseme si kitu mpaka umeuliza. Na mtu akikulalamikia, msikilize siku hiyohiyo. Ningemsikiliza Mama Scola, leo mngekuwa mnahesabu sita."

Vitus alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Wako wapi?" alimuuliza dada yake.

Oktavia alimpeleka chini ya mparachichi. Walisimama hapo mpaka ukungu ulipoanza kushuka.

"Kesho nami nitakwenda kukata nyasi," Vitus alisema mwishowe. "Wewe utanionyesha mahali zilipo kavu."