Orodha Iliyotoka Zahanati

Kila mchana, shule ilipotoka, Nyota alipitia zahanati ambako mama yake, Mama Mwanahamisi, alitunza kadi za wagonjwa. Alifagia ofisi, akamsubiri mama afunge kazi, kisha wakarudi nyumbani pamoja. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono isiyojua kutulia.

Kwenye kona ya ofisi kulikuwa na debe. Karatasi zilizokosewa kupigwa taipu zilitupwa humo, na Jumamosi mama alizichoma zote. Nyota aliona huo ni uharibifu mtupu. Kisangani karatasi zilikuwa adimu siku hizo, na Tantine Hadidja, mdogo wa mama yake, aliyeuza karanga kwenye kivuko cha kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, alihangaika kila siku kutafuta za kufungia. Basi Ijumaa moja Nyota alichota karatasi nne debeni, akampelekea, akarudi akijiona mtoto mwema kuliko wote mjini.

"Nani alitoa makaratasi mu debe?" mama aliuliza. Sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

Dirisha lilikuwa wazi, na Nyota angeweza kuusingizia upepo.

"Ni miye, mama. Nilipatia Tantine afungie karanga. Si iko takataka?"

"Takataka! Nyota, ile iko liste ya wagonjwa wa kifua! Majina yao, kazi yao, avenue wanakaa!"

Nyota alijua jinsi watu walivyouogopa ugonjwa wa kifua kikuu. Aliyejulikana anao alinyimwa hata kikombe cha maji, na kazini alionyeshwa mlango.

Walikimbia mpaka kivukoni. Tantine Hadidja alikuwa amekata kila karatasi vipande viwili na kuvifungia karanga, na abiria walikuwa wameanza kumzunguka. Bila salamu, Mama Mwanahamisi alizimwaga karanga zote kwenye beseni na kukusanya vipande, akiwa amemgeuzia Nyota mgongo ili asisome.

"Saba. Cha nane iko wapi?"

"Nimeuzisha sasa hivi," Tantine alijibu, macho yamemtoka. "Kwa mufanyakazi mumoja wa bac," akaonyesha kivuko kwa kidole.

Honi ya kivuko ikalia. Mama na binti walijipenyeza kati ya baiskeli na mafurushi ya abiria.

Karibu na kamba za kufungia kivuko alisimama Papa Lukumani, baba yake Sikujua, msichana aliyeketi dawati moja na Nyota. Kipande cha karatasi kilikuwa kimekunjuliwa mkononi mwake. Karanga zilikuwa zimemwagika miguuni, wala hakuziokota.

"Lukumani!" mwenzake alimtania kutoka nyuma. "Barua ya nani hiyo? Tusomee na sisi!"

"Karatasi ya karanga tu," alijibu, akaikunja haraka.

Alipomwona Mama Mwanahamisi alielewa. Alimtilia karatasi kiganjani, akasema kwa sauti ya chini, "Jina yangu iko humu, mama. Kama sikununua miye, angenunua ule." Alionyesha kwa kidevu yule aliyemtania. "Mulisema siri itabakia kwenu. Bon. Kwa sindano sitarudi tena."

"Papa, ni miye nilikosa," Nyota alisema huku analia. "Mama hakujua."

Papa Lukumani aliwapa mgongo. Alifungua kamba, na kivuko kikaondoka.

Mama Mwanahamisi hakulificha jambo hilo. Jioni ileile alimweleza Citoyen Kasongo, mwuguzi mkuu. Nyota alisubiri kofi. Badala yake mwuguzi alilitazama debe kwa muda mrefu.

"Mutoto alikosa mara moja," alisema. "Sisi tunakosa kila siku. Debe haina kifuniko, mulango iko wazi, na tunangojea Jumamosi. Alors, kuanzia leo karatasi yenye jina ya mugonjwa itahesabiwa, itafungiwa mu kabati, na itachomwa siku ileile mbele ya watu wawili."

Jumamosi mwuguzi mwenyewe alivuka mto hadi Lubunga, kwenda nyumbani kwa Papa Lukumani kumwomba msamaha.

Jumatatu mchana, siku ya sindano, Nyota alifika zahanati akihema. "Alikuja?" Mama alitikisa kichwa kukana. Wagonjwa wengine walichomwa sindano zao, wakaondoka mmoja mmoja. Nyota alifagia ofisi ile mara mbili, kisha ya tatu, akiogopa kuwa amemwua baba wa rafiki yake.

Mwuguzi alikuwa ameanza kuvua koti lake jeupe Papa Lukumani alipoingia.

"Kwanza munionyeshe ile kabati," alisema.

Walimwonyesha. Aliuvuta mlango kwa nguvu, haukufunguka. Ndipo alipokunja mkono wa shati. Nyota alitoka nje mbio ili Papa Lukumani asimwone akilia tena, safari hii kwa furaha.

Citoyen Kasongo alimfuata kibarazani.

"Unajua sababu gani nilivuka mto?" alimuuliza. "Dawa tuko nayo, lakini mutu akiogopa midomo ya watu, hataingia hapa, na dawa itabakia mu chupa mpaka yeye afe. Hii nyumba inasimama juu ya mambo watu walituaminia. Kulinda ile karatasi ni kazi ya matibabu, sawa na sindano. Umesikia, mutoto yangu?"

"Nimesikia, papa."

"Na rafiki yako Sikujua?"

"Hatajua kitu kutoka kwangu," Nyota alisema, na hakumwambia kamwe.