Dohani ya Candide

Upepo wa ziwani huingia mtaa wa Rohero mchana, na jengo jipya la Gélase lilijengwa kuusubiri. Madirisha ya chini yaliupokea, dohani pana ya matofali iliyosimama katikati ikavuta hewa ya moto hadi juu ya paa, na wafanyakazi wakakaa kwa raha bila kiyoyozi hata kimoja. Watu walimsifu mbunifu Gélase mpaka akavimba kichwa.

Siku ile karatasi za Lisette, karani wake, zilikwenda upande usiotarajiwa. Zilitambaa mezani kuelekea dirishani, huko huko upepo unakotoka, zikasimama, zikarudi. Kisha zikatambaa tena.

"Patron," Lisette alinong'ona, "hii nyumba iko inapumua."

"Ni upepo umegeuka. Fanya kazi."

Lakini Gélase alikuwa amekwisha kusikia. Ndani ya dohani mlitoka mluzi mwembamba wa kifua kilichobana, na harufu kali ya mafuta ya mikaratusi. Mtu mmoja tu aliyemjua alijipaka mafuta yale kifuani kila asubuhi, naye alikuwa amezikwa.

Candide alikuwa mbunifu mwenzake. Aliugua pumu, ndiyo maana alichora jengo linalopumua, na mchoro ule ulikuwa wake kila mstari. Walifanya kazi katika ofisi ya zamani, chumba cha vioo kilichofungwa kila upande kwa ajili ya kiyoyozi. Umeme ulipokatika, moshi wa jenereta ya koridoni ulipenya chini ya mlango, na Candide akaanguka akishika koo. "Gélase, fungua dirisha," alimwomba. Gélase alikuwa hatua chache tu kutoka dirishani. Aliichukua michoro, akaikunja, akatoka nayo, akaurudishia mlango. Unyama gani huo! Msibani alilia kuliko ndugu wa marehemu, na leo jina la Gélase peke yake linang'aa mlangoni pa jengo jipya kwenye bamba la shaba.

Mluzi ulipozidi, Gélase, mtu wa misa kila Jumapili, alimwita Uthmani, mganga wa Bwiza. Uthmani aliwasha ubani chini ya dohani. Jengo lilipokuwa jipya Gélase aliijaribu dohani kwa moshi vile vile, na moshi ukapanda wima hadi juu. Safari hii ulipanda kidogo, ukasita, ukashuka, ukatambaa sakafuni ukiipita miguu ya Uthmani, ukaipita ya Lisette, ukafika kwa Gélase na kumpanda magotini, kifuani, shingoni, ukatulia hapo.

"Huyu si jini," Uthmani alisema kwa sauti ya chini. "Ni mutu, na iko na kesi na weye. Ulimukatalia nini?"

"Sikumukatalia kitu."

"Baba, toa ile bamba. Andika jina yake, useme kweli mbele ya watu. Pengine atakuachilia."

"Apana! Hii nyumba ni ya mi!"

Uthmani alichukua chetezo chake. "Basi mi siko na dawa," alisema, akaenda zake.

Kesho yake upepo wa ziwani ulikuja kwa nguvu, mapazia yakawa yanapiga dari, na Lisette aliposikia kishindo na kukimbilia ofisini kwa bosi alimkuta Gélase amejibanza dirishani, macho yamemtoka, midomo imegeuka rangi, kucha zinakwaruza hewa tupu mahali ambapo kioo hakikuwepo, na upepo ule ule uliomtimua Lisette nywele ukampita yeye bila kutikisa hata kola ya shati lake.

"Lisette," alikoroma, "fungua dirisha."

"Iko wazi, patron," Lisette alijibu akilia. "Zote ziko wazi."

Gélase alianguka pale pale. Ndani ya dohani mluzi ulikoma, na pumzi moja ndefu ikavutwa, taratibu, bila kukwama popote.