Wanane Waliotoka Moshini

Moshi ule ulinukia mvua. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, maana Lodwar haikuwa imeona tone tangu mwaka uanze, na mashine ya moshi wa maonyesho kwa kawaida hunukia peremende, basi.

Wekesa, afisa wa zimamoto mwenye tumbo la kutangulia na mdomo wa kulifuata, hakujali. Ilikuwa siku ya wananchi kutembelea kituo. Watoto walikuwa wamelivamia gari jekundu, kina mama wakijaribu helmeti juu ya shanga zao, na yeye alikuwa mlangoni pa kontena la chuma lililojaa moshi, akiwaingiza watu wanane wanane washike kamba, wazunguke gizani, warudi mlangoni.

"Ejok! Njooni mwonje jehanamu bure!" alinguruma, akianza na salamu ya Kiturkana. "Kanisani mnatishwa nayo tu, sisi tunawaonyesha!"

"Afande, hii moshi iko na harufu ya mvua," mtu akasema.

"Basi leta ndoo!"

Kundi lililofuata lilikuwa na mkewe, Chepchumba, aliyejifunga leso ya manjano. Wekesa akawahesabu kwa kidole. Wanane. Wakaingia. Wakatoka. Wanane. Akafunga mlango kwa komeo, moshi usipotee.

"Imetimia!"

"Umehesabu," alisema Mama Nabei, mfugaji wa mbuzi kutoka Kerio, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango. "Umewaangalia?"

"Mama, hesabu ni hesabu."

"Mbuzi wakirudi jioni mimi sihesabu, kijana. Naangalia nani hayuko. Fisi akiingia na mbuzi mmoja akabaki nje, hesabu yako iko sawa."

Watu wakacheka, Wekesa akiwazidi wote. Chepchumba akaja akamshika mkono wa kushoto. Vidole vyake vilikuwa baridi, chini ya jua lililokuwa likikaanga mawe.

Ndipo mlango ukagongwa. Kutoka ndani.

"Baba Jebet," sauti ya mkewe ikaita, ikikohoa. "Kamba imeniponyoka. Nifungulie."

"Usifungue," Chepchumba wa nje akanong'ona, midomo ikigusa sikio lake. "Huyo si mtu."

Mama Nabei akainuka polepole. "Ekipe," alisema kwa sauti ya chini, na waliolisikia jina hilo la pepo mbaya wakarudi nyuma, wakikanyagana. "Mmoja ni mke wako. Ukikosea, huyo mwingine anaenda nawe nyumbani, na wako anaisha pamoja na moshi."

Moshi ulikuwa tayari umeanza kupungua kwenye matundu ya kontena. Wekesa akafanya alichozoea kufanya akiishiwa: mzaha.

"Nyinyi wawili," alisema, "chai yangu ni sukari vijiko vingapi?"

"Vinne," zikajibu sauti mbili kwa pamoja, moja sikioni na moja nyuma ya chuma, "na daktari unamdanganya viwili."

Hakuna aliyecheka.

Akamgeukia yule wa nje, na safari hii hakuhesabu kitu, alimwangalia kama Mama Nabei anavyomwangalia mbuzi, akaanza na leso ya manjano isiyo na hata alama ya vumbi, akapanda shingoni ambako hapakuwa na jasho, akafika machoni, macho makavu, meupe, yaliyotulia, macho ya mtu ambaye moshi haukumwasha kwa kuwa moshini ndiko kwao, na kadiri alivyoyatazama ndivyo harufu ya udongo uliolowa ilivyozidi kumjaa kooni, na vidole vile baridi vilivyozidi kumbana, hadi akanyoosha mkono wa kulia, akalivuta komeo.

Chepchumba akaanguka nje, machozi na makamasi yakimtiririka, akikohoa kama trekta. Umati ukapiga vigelegele. Wekesa akageuka haraka kumtazama yule mwingine. Hapakuwa na mtu. Leso haikuwepo, hata nyayo mchangani.

"Mama Jebet! Mama Jebet wangu!" Akampokea mkewe, akamkandamiza kifuani kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Mkewe akakohoa, akapangusa macho, akamtazama.

"Baba Jebet," akauliza taratibu, "mbona unanikumbatia kwa mkono mmoja?"

Wekesa alikuwa akiuvuta ule wa kushoto kutoka kwenye vidole baridi asivyoviona, na haukuja.