Nani Alifua Lile Shati?

Katika kata nzima ya Isansa hakuna mwanamke aliyewahi kunishinda kuamka mapema. Jogoo wangu ni shahidi. Haya, niseme ukweli: anayeamka ni jogoo. Mimi namsikia, nageukia ukutani, na mjukuu wangu Recho ndiye anayewasha moto, anayechota maji na kufagia uwanja kabla ya kwenda shule. Mwaka huo wa 2013 alikuwa darasa la sita.

Tuliishi naye na baba yake, Ezron, mwanangu wa mwisho. Mama yake, Justina, alikuwa amerudi kwao Ndalambo. Alichoka. Ezron alikuwa mkulima hodari wa kahawa mpaka alipoanza kunywa viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki ambayo mtu huweza kuificha hata ndani ya soksi. Mwanzoni alikunywa jioni, halafu mchana, mwisho akawa hawezi kushika kikombe cha chai asubuhi bila mikono kutetemeka mpaka apate kifuko kimoja.

Watu wakimuulizia, mimi nilisema ana malaria. Isansa kwenyewe ni baridi, mbu akipotea njia akafika huku anaomba blanketi, lakini mwanangu alikuwa na malaria kila Jumatatu. Nikamfundisha na Recho kusema hivyo. Akawa anasema vizuri kunishinda.

Siku moja tulichuma magunia matatu ya kahawa mbivu. Kahawa ikishachumwa ni lazima uimenye siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono. Ikilala ndani ya gunia inachacha na kunuka, na kazi ya mwaka imekwenda. Ezron akasema tumwachie, atamenya yeye. Asubuhi tulimkuta amelala juu ya magunia, kahawa imechacha chini yake. Nikawaambia majirani kwamba mashine imeharibika. Recho alisogea ilipo mashine, akaanza kuuzungusha mpini wake taratibu, nao ukazunguka vizuri kabisa mbele ya wageni wangu.

Siku hizo kinyozi wa pale senta, kwenye maduka, alikuwa amenunua televisheni na king'amuzi. Kila Alhamisi jioni watoto walijazana kwake kutazama kichekesho cha Mzee Chupa Nusu, na mimi nilipita kuwaangalia watoto wasije wakaumia. Nilipita kila wiki. Huyo mzee alikuwa mlevi. Aliingia nyumba isiyo yake, akamwamkia mbuzi akidhani ni mama mkwe, akaanguka kwenye tope. Nusu saa ikiisha aliomba msamaha, mkewe akacheka, na wiki iliyofuata akaanza upya. Recho alimwigiza huyo mzee kuanzia kikohozi mpaka miguu. Kwa hiyo Mwalimu Ketrina aliposema darasa la sita litaonyesha mchezo kuhusu ulevi siku ya wazazi, darasa zima lilimtazama yeye.

Siku ya kwanza ya mazoezi walicheka wote, na mwalimu akacheka nao. Alipomaliza kujifuta machozi akawauliza, "Wiki iliyopita huyu mzee alianguka kwenye tope. Wiki hii ana shati jeupe. Nani alifua lile shati?"

Mika, mwenzao wa darasani, akasema ni mkewe. Mwingine akasema watu wa televisheni wana sabuni kali. Mwalimu akawaeleza kwamba kufua hakuchekeshi, ndiyo maana hakuonyeshwi, wala watoto waliolala njaa hawaonyeshwi. Wiki hiyo Recho alikuwa amefua mashati mawili ya baba yake.

Jioni aliniambia anataka kuubadilisha mchezo, aonyeshe na kazi ya nyumbani. Nikakataa. Nilimwambia aibu ya nyumba hufunikwa na paa la nyumba.

"Bibi," akasema, "tukisema ni malaria, baba atapewa dawa ya malaria. Atakufa kwa ugonjwa mwingine."

Nina maneno mengi, kila mtu hapa anajua. Siku hiyo nilikwenda kuwafungia kuku waliokwisha kufungiwa.

Akamwomba baba yake aje siku ya wazazi. Ezron akaahidi. Lakini siku yenyewe ilipofika alivaa viatu mapema, akasema anakwenda Tunduma, kule mpakani, kuulizia mbolea na atawahi kurudi. Darasani nilimwekea nafasi kwenye benchi, nikaweka na mkoba wangu juu yake. Mkoba ndio uliotazama mchezo.

Recho alitokea nyuma ya pazia na koti kuukuu la baba yake, akapepesuka, akaipa heshima zote meza ya mwalimu mkuu, akaanguka. Wazazi walicheka mpaka benchi moja likakatika. Wakadhani mchezo umekwisha. Yeye akainuka, akalivua lile koti, akavuta beseni, akaanza kulifua. Alisugua kola, akasugua mikono, akakamua. Kicheko kikapungua kidogo kidogo kama mvua inayohama juu ya bati, mpaka tukasikia maji tu.

Kisha Mika, aliyekuwa jirani katika mchezo, akapiga hodi na kuuliza baba yuko wapi.

"Ana malaria," Recho akajibu. Halafu akatugeukia sisi. "Nimesema uongo. Baba yangu ana ugonjwa wa pombe, nami nataka apone."

Nikajikuta nimesimama. "Na huo uongo niliufundisha mimi," nikasema, nikakaa. Nimeishi miaka mingi, nimevuna kahawa nyingi, lakini sikuwahi kuwa na fahari kama ya siku ile, kumtazama mtoto wa darasa la sita akibeba mbele za watu mzigo ambao watu wazima tulikuwa tunauficha.

Mgeni rasmi alikuwa Nathanaeli, tabibu wa kituo chetu cha afya. Alikuwa ameandika hotuba, akaikunja akaitia mfukoni.

"Kwenye televisheni mlevi hupona kwa nusu saa," alisema. "Huku kwetu ni miezi, pengine miaka. Uraibu ni ugonjwa, na mgonjwa hapatiwi tiba akifichwa. Anayekunywa kila siku asiache ghafla peke yake, mwili unaweza kumgeukia. Mleteni kwetu tumsimamie. Na ninyi watoto, kucheka si kosa. Ila msiishie kwenye kicheko. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini, kama alivyofanya huyu binti."

Ezron alirudi jioni. Akasema Tunduma malori yalikuwa yamejaa mpaka hakuna pa kukanyaga. Akala, akanawa. Kisha akasema, "Mama, kesho nisindikize kwa Nathanaeli."

Sikumuuliza sababu. Kesho yake ndipo nilipoamka kabla ya jogoo, kweli tupu.

Haikuwa rahisi. Alilazwa siku nne akitetemeka, kisha akawa anakwenda kituoni kila wiki kuzungumza na Nathanaeli. Mwezi wa Desemba alikunywa tena siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kituoni mwenyewe, kwa miguu, bila kusindikizwa. Mwezi wa nne Justina akaja kutusalimia tu, na masufuria yake yote.

Mavuno yaliyofuata magunia yote yalimenywa siku hiyohiyo. Mchana mmoja tulikaa wanne kandokando ya kichanja, tukichambua punje mbovu kwenye kahawa iliyoanikwa juu yake. Recho, sasa wa darasa la saba, alikuwa akisimulia kwamba mwalimu anataka mchezo mwingine, naye anaogopa.

"Hata safari ile uliogopa," Ezron akasema, macho yakiwa kwenye kahawa. "Kabla hujaingia, pale nyuma ya pazia, ulifumba macho ukahesabu vidole vyako. Lakini ulipoingia, uliweza."

Recho akaacha kuchambua.

"Baba, nyuma ya pazia nilikuwa peke yangu. Palikuwa na mimi na lile dirisha linalotazama nje."

Ezron akaokota punje, akaigeuzageuza. Ilikuwa punje nzuri tu. Akaitupa.

"Niliambiwa," akasema.

"Na nani?"

Akanitazama mimi, nikatazama kahawa. Akamtazama Justina, naye alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

"Na watu," akasema mwanangu. "Watu wa Tunduma."