Seva Iliyopewa Jina la Kaka

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata binti wa dada yangu, naye si mtu wa kuzua. Nayaandika kama alivyonisimulia, bila kuongeza neno.

Kazi yake ni kutunza seva za hospitali, mashine saba zilizofungiwa katika mji mwingine, naye huziingia kwa mbali akiwa mezani pake. Kila moja ilidai anwani ya tarakimu nyingi, jina la mtumiaji na ufunguo wake. Akachoka. Akaandika faili moja katika kompyuta yake, kila seva akaipa jina fupi pamoja na maelezo yake yote, ili aandike neno moja tu na mlango ufunguke. Majina akayatwaa nyumbani asije akayasahau: Babu, Shangazi, Somo. Ya saba akaiita Kaka, kwa kuwa kaka yake, Mola amrehemu, ndiye aliyeitunza hadi alipofariki.

"Umeamua kuutumikisha ukoo mzima," mwenzake wa meza ya pili akamtania. "Na shangazi yako akigoma?"

"Huyo namzima, namwasha tena."

Mwezi uliofuata seva ya saba iling'olewa, diski yake ikasagwa mbele ya macho yake. Aya yake katika faili akasahau kuifuta.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa ofisini. Vidole, kwa mazoea, vikaandika: kaka. Ilipasa akataliwe.

Mlango ukafunguka.

Akaiuliza mashine ni nani wamo ndani. Wawili. Yeye, na kaka yake, aliyeingia dakika tatu zilizopita, akitokea kwenye intaneti ya nyumba anayoishi yeye, mama yake na bintiye wa miaka sita.

Akapiga simu.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Chumbani. Amejifungia, anacheka."

"Anacheka na nani?"

"Peke yake, mwanangu. Si unawajua watoto." Kisha mama akanong'ona: "Kuna anayemjibu."

"Mtoe, mama."

"Mlango hausogei."

Akaifuta aya ya Kaka. Akahifadhi faili. Hapo alikosea, na hofu ndiyo iliyomkosesha, kwani alijua fika kwamba faili hilo humfupishia njia anayebisha hodi tu. Halimtoi aliyekwisha kuingia. Kwenye simu kicheko kiliendelea. Sasa vilikuwa viwili.

Ilibaki amri moja: kumkata kwa jina lake. Akaiandika. Kabla hajabonyeza, maneno yakajitokeza kwenye kioo, herufi moja moja.

Kitinda, usinitoe. Huku baridi.

Hapakuwa na mwingine aliyewahi kumwita Kitinda. Akabonyeza, machozi yakimtiririka.

Bawaba zikalia kwenye simu. "Nimempata," mama akasema. "Mzima."

Mzima, namshukuru Mola. Nimekaa na mtoto huyo mara nyingi tangu siku hiyo. Lakini ukimwita, haitiki papo hapo. Hugeuza uso kando, akatazama juu mahali patupu, penye kimo cha mtu mzima. Hungoja. Hutikisa kichwa kukubali, kama aliyepewa ruhusa.

Ndipo huitika.